Kingamwili na mchangiaji mmoja tu: tuamini shanga au chembe hai?

Tuchukue mfano wa mama wa Kondoa mwenye miaka 48. Figo zimeshindwa, anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, na mwanawe wa miaka 24 amejitolea kumpa figo moja. Makundi ya damu yanapatana. Kwa familia, kilichobaki ni tarehe ya upasuaji. Kwa maabara, hapa ndipo penye hatari kubwa. Nusu ya protini za HLA za kijana huyo, zile ambazo kinga hutumia kutofautisha mwenyeji na mgeni, kazirithi kwa baba yake, na mama alizibeba tumboni miezi 9. Akiwa na watoto 5 wa mume mmoja, kinga yake imekutana na protini za mume huyo mara 5, na huenda ilishatengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshambulia kitu kigeni, dhidi ya protini hizo. Figo ya mwana, au ya mume mwenyewe, inaweza kumrudishia adui anayemfahamu.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ikafuata 2018. Wachangiaji ni watu walio hai, kwa kawaida ndugu. Hakuna foleni ya figo za marehemu ambamo mgonjwa akikosa leo atasubiri zamu nyingine. Kwa hiyo kipimo kikali kupita kiasi kinaweza kumnyima mgonjwa mchangiaji pekee aliye naye, na kipimo kilegevu kinaweza kumtoa kijana mwenye afya figo itakayoziba mishipa na kufa ndani ya saa chache.

Vipimo vinavyoshindanishwa ni viwili. Cha zamani zaidi ni krosimachi ya chembe hai. Seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, huchanganywa na limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) za mchangiaji, kisha huongezwa komplimenti ya sungura, yaani protini za damu zinazoua chembe iliyonaswa na kingamwili. Kingamwili zikiwepo, chembe hufa na huonekana kwa rangi chini ya hadubini. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walichapisha matokeo yaliyobadilisha kazi hii: kati ya upandikizaji 30 uliofanywa licha ya krosimachi chanya, figo 24 zilikataa palepale, kati ya 195 uliofanywa krosimachi ikiwa hasi, ni 8 tu. Wanaokitetea wana hoja nzito. Kinauliza swali lenyewe: damu ya huyu inaua chembe za yule?

Udhaifu wake wa kwanza uko barabarani. Limfosaiti lazima zifike zikiwa hai. Sampuli ikitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, takribani kilomita 450, damu ya mchangiaji iwekwe kwenye chupa zenye dawa ya kuzuia kuganda, ikae kwenye joto la kawaida la chumba, na ifike ndani ya saa 24 ikiwezekana. Kosa linalorudiwa ni kuitia kwenye kisanduku cha barafu kama chanjo. Kosa la pili ni kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani mwezi wa Oktoba. Chembe zilizo hai zikishuka chini ya asilimia 80, msomaji hawezi tena kutenganisha zilizouawa na kingamwili na zilizokufa njiani.

Udhaifu wa pili ni kwamba kingamwili chache hazionekani kwa njia hii. Krosimachi ya mashine inayohesabu chembe kwa mwanga huziona zaidi. Lakini nayo hudanganywa: mgonjwa aliyewahi kupewa dawa ya rituksimabu anaweza kutoa jibu chanya la uongo kwa limfosaiti B (limfosaiti ni za aina mbili kuu, T na B), kwa sababu dawa yenyewe hujibandika kwenye chembe hizo. Kingamwili za mgonjwa dhidi ya mwili wake mwenyewe pia huleta jibu la uongo, ndiyo maana seramu yake ijaribiwe dhidi ya chembe zake pia.

Upande wa pili unatetea kipimo cha shanga. Ni vishanga vya plastiki visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimepakwa aina moja ya HLA, takribani aina 100 kwa kila moja ya madaraja mawili ya HLA. Mashine husoma mng'ao wa kila shanga na kutaja kingamwili ipo dhidi ya protini ipi. Kwa mikoa ya kati kina faida ambayo haitajwi vya kutosha: kinahitaji seramu tu. Seramu hugandishwa, husafiri na barafu, na huhifadhiwa kwa miaka.

Tatizo ni namba. Mng'ao wa 1,500 si kiasi cha kingamwili, na maabara mbili zinaweza kuipa seramu moja namba zilizopishana sana. Protini iliyoharibika umbo kwenye shanga huvutia kingamwili zisizo na madhara, nazo zimewanyima watu figo bila sababu. Kinyume chake, kingamwili zikiwa nyingi mno komplimenti huziba nafasi na mng'ao hushuka, hivyo mgonjwa wa hatari kubwa anaonekana salama. Dawa yake ni kutia EDTA, kemikali inayozima komplimenti, au kuzimua seramu mara 10 na kusoma upya. Namba ikipanda baada ya kuzimua, usiiamini ile ya kwanza. Kuna pia suala linalotugusa Waafrika moja kwa moja: aina zetu za HLA ni nyingi, na si zote zimo kwenye shanga zinazouzwa. Mchangiaji akiwa na aina isiyokuwemo, ukimya wa mashine hauthibitishi chochote.

Naona ni kosa kuanza na mashine yoyote kati ya hizi. Kianze kile kisicho na gharama, yaani historia. Mimba ngapi, pamoja na zilizoharibika? Baba wa watoto ni nani kwa uhusiano na mchangiaji? Ameongezewa damu lini, chupa ngapi? Aliwahi kupandikizwa? Swali la mimba zilizoharibika liulizwe faraghani, si mbele ya wakwe, la sivyo jibu litakuwa "hakuna". Na damu ikiongezwa wakati maandalizi yanaendelea, seramu ichukuliwe upya baada ya wiki 2 na tena wiki ya 4, kwa sababu majibu ya zamani yameshapitwa.

Mwanamume ambaye hajawahi kuongezewa damu anatosheka na shanga za mchujo, zinazoonyesha tu kama kingamwili zipo au hazipo, na krosimachi ya chembe. Mama wa watoto 5 apimwe kwa shanga zenye aina moja moja ya HLA pamoja na krosimachi. Shanga zikionyesha kingamwili dhidi ya mchangiaji huku krosimachi ikiwa hasi, hilo ni onyo, wala halitoshi kuwa hukumu: seramu irudiwe, dawa za mwanzo za kutuliza kinga ziongezwe nguvu, na familia ielezwe hatari kwa lugha nyepesi. Krosimachi ya limfosaiti T ikiwa chanya kweli, upasuaji usimame. Atafutwe ndugu mwingine. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana HLA kikamilifu na mgonjwa.

Hata hivyo, vipimo vyote viwili vinaweza kuwa hasi na bado kinga ikawa na kumbukumbu. Kingamwili za mimba ya miaka 20 iliyopita hufifia, lakini chembe zinazozitengeneza hubaki, na huamka ndani ya siku chache baada ya figo kuwekwa. Kwa mama kama huyu, seramu ya siku ya 7, ya 14 na ya 30 ina thamani kuliko kurudia shanga mara tatu kabla ya upasuaji.

Miezi inavyosonga, hatari huhamia kwenye vidonge. Mgonjwa wa Manyoni anayekosa takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga, kwa wiki moja kwa sababu ya nauli anaipa kinga nafasi ya kutengeneza kingamwili mpya, mara nyingi dhidi ya kundi la HLA liitwalo HLA-DQ, na kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, hupanda wakati figo imeshaumia. Fedha zikiwa chache, mgonjwa wa hatari ndogo apunguziwe shanga za kabla, zilipiwe takrolimasi na vipimo vya kiwango chake kwenye damu. Na kwa kila mgonjwa, seramu ya asubuhi ya upasuaji igawanywe kwenye vichupa vidogo kadhaa na kugandishwa, ili kingamwili ikionekana mwaka wa tatu, daktari aweze kujua kama ni mpya au ilikuwepo tangu siku hiyo.