Mapunye ya mtoto: tutibu kwa jicho au tungoje maabara?

Mama anamwinamisha mwanawe wa miaka sita mbele ya tabibu wa zahanati. Kichwani kuna mabaka matatu yenye upana wa sarafu. Nywele zimekatikia usawa wa ngozi zikaacha vidoti vyeusi, na juu yake kuna magamba makavu kama unga wa muhogo. Tabibu anapapasa nyuma ya shingo, anakuta tezi zimevimba. Basi. Ni mapunye, au vibarango kama wengine tunavyoita. Anaandika dawa na kumwita anayefuata.

Wapo watakaosema amekurupuka, na hoja zao si nyepesi. Kwanza, jicho hudanganyika. Soriasisi ya kichwani, ugonjwa wa ngozi usiotokana na fangasi, ina magamba, na mba mkali nao una magamba. Halafu wekundu ambao vitabu vingi vinautaja kuwa dalili ya uvimbe hauonekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi. Picha zenyewe mara nyingi ni za ngozi nyeupe.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonitikisa. Mapunye huletwa na fangasi wa makundi mawili makubwa, Trichophyton na Microsporum, na dawa zake hazilingani. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2016 yaliona kwamba kwa Trichophyton, terbinafini ya wiki chache inaweza kufikia kile ambacho griseofulvini hukifikia kwa muda mrefu zaidi, ilhali kwa Microsporum ni griseofulvini inayofanya vizuri zaidi. Afrika Mashariki tunao wote: Trichophyton violaceum hupatikana sana, na Microsporum audouinii naye yupo. Hakuna tabibu anayeweza kuapa kwa kutazama baka kwamba huyu ni yupi. Hata taa ya Wood, ile ya mwanga wa zambarau, husaidia nusu tu: nywele zenye Microsporum hung'aa kijani, zenye violaceum hazing'ai. Taa isipoonyesha kitu, usimwambie mama kwamba kichwa ni kisafi.

Sasa mgeukie yule tabibu. Kuotesha fangasi maabara huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Muda wote huo mtoto analala mto mmoja na nduguze na anachangia nao kitana. Na wale wanaopenda kusema kwamba wenzetu Ulaya hawatoi dawa bila kipimo hawajasoma vizuri: mwongozo wa chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza wa mwaka 2014 unashauri sampuli ichukuliwe, lakini unaruhusu dawa ianze mara moja pale dalili kuu zinapokuwepo, yaani magamba, nywele kukatika na tezi kuvimba. Ndizo hizohizo alizozikuta tabibu wetu. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, nacho kinasimama juu ya imani kwamba matabibu wakinolewa vizuri wataibeba kazi ambayo madaktari bingwa, kwa uchache wao, hawaifikii.

Kwa hiyo kwa mtoto mwenye dalili zote tatu, mimi niko na tabibu. Lakini jicho lina mpaka. Uvimbe laini unaotoa usaha kichwani mwa mtoto huenda ni mapunye yaliyochachamaa. Wengi hudhani ni jipu, wakalipasua bure. Na mwanamke wa miaka 40 anayekatika nywele utosini, kila mwaka upara ukitanuka, asipewe dawa ya fangasi kwa kubahatisha. Huenda ana ugonjwa unaoua mashina ya nywele na kuacha kovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliuhusisha ugonjwa huo, kwa baadhi ya wanawake wenye asili ya Afrika, na hitilafu katika jeni ya PADI3. Hapo kinyama kidogo cha ngozi kikatwe kikapimwe, kwa sababu shina lililokwisha kufa halioti tena.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili huliruka: dozi. Krimu haitoshi, kwa kuwa fangasi amejificha ndani ya unywele. Dawa lazima imezwe. Mtoto wa kilo 20, kwa miligramu 20 za griseofulvini kwa kila kilo, anahitaji miligramu 400 kwa siku, sawa na vidonge vitatu na ushee vya miligramu 125. Kwa wiki 8 vinapita vidonge 168, na vinywewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ndipo dawa iingie mwilini sawasawa. Mama akirudi nyumbani na kipakti cha wiki mbili, kipimo cha maabara kingesaidia nini?

Mimi ningeitumia maabara kwa njia nyingine. Si lazima kila kichwa kipimwe. Chukua watoto wachache katika shule kadhaa za wilaya, wasugue mabaka kwa mswaki mpya, kila mtoto na wake (ndiyo, mswaki wa kawaida wa dukani, njia hii hutumika na madaktari wa ngozi), kisha ipeleke hospitali ya rufaa ikaoteshwe. Wilaya ikishajua fangasi gani ametawala kwake, tabibu ataendelea kutibu kwa jicho lakini atajua aandike dawa ipi, na mfamasia ataagiza vidonge vya kutosha. Linalobaki ni nani alipie nauli ya ile miswaki na kazi ya maabara, maana hadi sasa gharama za mapunye zimekuwa zikiangukia mfuko wa mama.