Kra pao haihitaji karoti

Kwa Wathai, pad kra pao gai ni chakula cha kuagiza bila kufikiri: kuku aliyekatwakatwa, kitunguu saumu, pilipili na majani ya kra pao, juu ya wali mweupe. Pad ni kukaanga, gai ni kuku, na kra pao ni lile jani. Yaani jani ndilo linalokipa chakula jina lake. Sasa tazama kinavyopikwa majumbani kwetu: karai limefurika karoti, hoho na kabeji, na rehani imenyunyizwa juu kama pambo. Kinalika, sikatai, lakini kiite jina lingine.

Kra pao ni ndugu wa rehani, ila ina ukali unaokaribia karafuu. Ukiikosa, tumia rehani ileile inayosukwa kwenye vikuba pamoja na asumini. Harufu yake ni tamu zaidi, kwa hiyo usiibanie. Weka viganja viwili vilivyojaa. Kivumbasi nacho ni wa ukoo huo, lakini kipo kinachonuka kafuri. Hicho kiachie mbu.

Kwa watu wawili, chukua gramu 300 za paja la kuku lisilo na mfupa. Kidari hukauka upesi mno. Likate kwa kisu vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha ulifute maji kwa kitambaa safi. Twanga punje 5 za kitunguu saumu na pilipili kichaa 4 kwenye kinu, zipondeke tu bila kuwa uji. Kwenye kikombe changanya kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya chaza, vijiko viwili vya chai vya sosi ya samaki, kimoja cha chai cha sosi ya soya, kimoja cha chai cha sukari, na vijiko viwili vya chakula vya maji. Chumvi usiguse, sosi ya samaki inatosha na kuzidi.

Yote haya yawe tayari kabla ya kuwasha jiko, maana ukishaanza hakuna nafasi ya kutafuta kijiko.

Pasha karai mpaka lianze kufuka moshi, ndipo utie vijiko viwili vya chakula vya mafuta, na mara hiyohiyo vitunguu saumu na pilipili. Fungua dirisha kwanza, moshi wa pilipili utawakohoza hadi waliolala. Geuza kwa sekunde 15 hivi. Kitunguu saumu kikigeuka kahawia kabla kuku hajaingia, kitakuwa kichungu na hakuna sukari itakayokificha, mwaga uanze upya. Tia kuku, mtandaze, mwache dakika moja bila kumgusa ashike rangi, kisha ukoroge kwa dakika 3.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuku akiwa na maji, au ametoka friji sasa hivi, au mmejaza kilo nzima kwa pupa, karai linapoa. Nyama inatoa maji, na maji hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo kuku anachemka badala ya kukaangika: anatoka mweupe, mgumu, anaogelea kwenye supu. Kuongeza sosi hakusaidii. Mkiwa wanne, pika mara mbili. Kila zamu haifiki dakika 6.

Mimina sosi na ukoroge dakika moja mpaka ishikamane na nyama. Zima jiko. Sasa ndiyo tia majani, geuza mara tatu nne, basi. Yakikaa motoni yanakuwa meusi na harufu yote inaondoka na mvuke.

Yai la juu yake, khai dao, hukaangwa peke yake kwenye mafuta mengi ya moto sana, ukingo ukauke kama chipsi na kiini kibaki laini. Likipasuliwa juu ya wali, kile kiini ndicho kinachotuliza pilipili.