Hotuba ya Kuelimisha Hupimwa kwa Msikilizaji

Nilipoanza kutoa elimu ya afya kwa akina mama kliniki, nilidhani kwamba hotuba nzuri ni ile inayomaliza yote anayoyajua msemaji. Siku moja nilizungumza juu ya kuhara kwa watoto kwa karibu saa nzima, nikapita kwenye vijidudu, vyoo, chanjo na maji yasiyochemshwa. Nilipomaliza, nilimwomba mama mmoja anieleze namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi nyumbani pale pakiti za dawa zinapokosekana, naye akataja vijiko sita vya chumvi na nusu kijiko cha sukari. Alikuwa amekigeuza kipimo, na chumvi ya kiasi hicho ni hatari kwa uhai wa mtoto. Kosa halikuwa lake, kwa sababu mimi ndiye niliyekizika kipimo hicho chini ya rundo la maneno.

Tangu hapo mfano wangu umekuwa Bangladesh. Mwaka 1980 shirika la BRAC lilianza kutuma walimu nyumba kwa nyumba vijijini kuwafundisha akina mama kutengeneza maji hayo kwa vitu vya jikoni: maji, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na konzi ya sukari guru. Somo lilifupishwa hadi mambo machache ya kukumbukwa, na mama alitengeneza maji hayo kwa mikono yake huku mwalimu akimtazama. Baadaye wakaguzi walirudi kwenye baadhi ya kaya kuwauliza akina mama walichokumbuka, na malipo ya mwalimu yalitegemea majibu yao. Katika miaka kumi kazi hiyo ilifikia takribani kaya milioni 12. Naamini kwamba msemaji yeyote angejiandaa kwa namna nyingine kabisa kama naye angelipwa kwa kile kilichobaki kichwani mwa wasikilizaji wake.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika lolote, huandika kwanza sentensi ambayo nataka msikilizaji aweze kumwambia jirani yake jioni ile: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Kisha hupunguza. Hii ndiyo sehemu ngumu ya maandalizi, maana kila habari ninayoiondoa ni ya kweli na nimehangaika kuipata. Kinachobaki ni kile kinachoishikiza sentensi ile, na hasa sababu yake, kwa kuwa agizo lisilo na sababu husahaulika upesi. Huwaeleza kwamba sukari haiwekwi kwa ajili ya utamu, bali huusaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji huifuata chumvi kuingia mwilini. Mama akilijua hilo, anaelewa kwa nini sukari na chumvi lazima viende pamoja na kwa nini kipimo hakibahatishwi.

Mbele ya watu sisomi karatasi. Huweka mezani chupa mbili za maji za nusu lita na kijiko cha chai, nikataja kipimo polepole, nikanyamaza kidogo, kisha nikakirudia kwa maneno yale yale, kwa sababu kubadili maneno kwa ajili ya urembo huwafanya wasikilizaji wadhani kwamba umesema jambo jingine.

Wapo wanaosema kwamba hotuba fupi namna hii huonyesha uchache wa maarifa. Sikubaliani nao. Maarifa yale niliyoyaacha huyahitaji sana wakati wa maswali, ambao siku hizi nautengea nusu ya muda wangu wote. Mama akiuliza afanye nini mtoto akitapika, namjibu asubiri dakika kumi, kisha aendelee kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Baada ya hapo namkabidhi mmoja wao chupa, sukari na chumvi, atengeneze huku wenzake wakihesabu vijiko kwa sauti, nami nimekaa kimya pembeni nikisikiliza.