Hati kwa Jina la Nani? Nyumba za Mabinti wa Aceh Mbele ya Ofisi ya Ardhi

Katika vijiji vya mpunga vya Pidie na Aceh Besar, wilaya mbili za jimbo la Aceh kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia, mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Nyumba ni ya mke. Wazazi humpa binti yao wakati wa ndoa au baada ya muda, mara nyingi pamoja na kipande cha shamba. Wenye mabinti kadhaa hujibana wao wenyewe upande wa nyuma, hata jikoni, ili kila binti apate mahali pake. Mtoto wa kiume hupewa dua na nauli. Zamani alikwenda kwenye mashamba ya pilipili manga, siku hizi huenda Medan, Jakarta au Malaysia, na Ramadhani ikikaribia anatarajiwa arudi na fedha za nyama ya meugang, siku ambayo hata nyumba maskini kabisa ya Aceh hupika nyama.

Mpango huu umeishi midomoni mwa watu. Jirani anajua mpaka unapita wapi, imamu anajua hiba ilitamkwa mbele ya nani, na mkuu wa kijiji, ambaye huitwa keuchik, akiulizwa hujibu bila kufungua faili lolote. Serikali ya Indonesia nayo, tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1960, inataka kila kiwanja kisajiliwe na kila mwenyewe awe na hati. Je, hati hiyo inamlinda binti wa kijijini au inamvua alichopewa na wazazi wake? Kila upande una hoja za kweli. Mimi naona hati iende vijijini, lakini vita vyote viko kwenye jina linaloandikwa juu yake.

Nyumba yenyewe inaeleza mengi. Nyumba ya jadi ya Kiaceh husimama juu ya nguzo, mtu anaweza kupita chini yake akiwa wima, na imeunganishwa kwa vigingi na kabari bila misumari. Baraza ya mbele ni ya wageni na wanaume, upande wa nyuma ni wa wanawake, na kati yake, penye sakafu iliyoinuka, ndipo chumba cha kulala cha wenye nyumba. Kwa kuwa haina misumari, inaweza kufunguliwa na kujengwa upya kwenye kiwanja kingine. Kwa hiyo nyumba inaweza kutolewa hiba peke yake, ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Wavulana wakibaleghe, desturi ya zamani iliwatoa humo kabisa wakalale meunasah, jengo la sala na mikutano la kijiji. Mwanamume aliyeachana na mkewe naye hurudi huko huko au kwa mama yake. Huondoka na nguo zake, na nyumba haiguswi.

Msomaji wa pwani yetu halioni jambo hili kuwa geni sana. Familia kubwa za Lamu zilikuwa zikimpa binti nyumba ya mawe aolewapo, na Ngazija ipo ardhi ya manyahuli inayopita kwa upande wa mama, na mume huingia nyumba ya mkewe. Wote hao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama Waaceh. Siri iko kwenye hiba: mzazi akitoa mali yake akiwa hai, mali hiyo haingojei kugawanywa kwa mafungu ya mirathi, ambako mtoto wa kiume huchukua mara mbili ya wa kike. Kwa hiyo wanaosema desturi ya Aceh inapingana na dini wanakosea, ila hiba isiyoandikwa inamtegemea shahidi aliye hai.

Hapo ndipo upande wa hati unapopata hoja yake nzito kuliko zote. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilipanda pwani ya Aceh, na zaidi ya watu 160,000 walikufa au hawakuonekana tena. Katika baadhi ya vijiji keuchik, imamu na wazee wote walikwenda siku moja. Chini ya robo ya viwanja vya jimbo hilo vilikuwa na hati, na hata hizo hazikusalimika: vitabu vya ofisi ya ardhi ya Banda Aceh vilizama kwenye matope ya chumvi, vikalazimika kugandishwa na kukaushwa Jakarta kwa msaada wa wataalamu wa Kijapani ili kurasa zisigandamane na kuoza.

Watetezi wa desturi hujibu kwamba ni desturi hiyo hiyo iliyorudisha mipaka. Manusura walitembea pamoja juu ya uwanda mtupu wakitafuta misingi ya nyumba, visima na mashina ya minazi, jirani akikubaliana na jirani. Mradi wa RALAS, uliolipiwa na mfuko wa wahisani chini ya Benki ya Dunia, ulikuja juu ya makubaliano hayo ili uyageuze kuwa hati. Ulilenga hati 600,000. Ulipofungwa mwaka 2009 ulikuwa umetoa zaidi ya 200,000. Nadhani wana haki kusema hivyo. Bila watu wa kijiji kukubaliana kwanza, mpima ardhi asingekuwa na cha kupima.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi kuliko mipaka, nalo halijazungumzwa vya kutosha. Maji yaliua wanawake wengi kuliko wanaume. Oxfam ilihesabu manusura katika vijiji vinne vya Aceh Besar mwanzoni mwa 2005, ikakuta 676, na wanawake kati yao walikuwa 189 tu. Tafakari maana yake mahali ambapo nyumba na kiwanja ni vya wanawake. Mume amebaki hai, amesimama kwenye ardhi aliyoingia kwa ndoa, na mkewe aliyekuwa mwenye mali hayupo tena.

Chukua mfano mwepesi. Mke amefariki pamoja na wazazi wake, ameacha mume, binti mmoja na kaka mmoja. Kwa hesabu ya mirathi mume anapata robo, binti nusu, na robo inayobaki ni ya kaka. Kisha inakuja nyumba ya msaada ya mita za mraba 36, moja kati ya zaidi ya 140,000 zilizojengwa miaka ile. Fomu inauliza mkuu wa kaya ni nani. Ni mume. Nyumba inasimama juu ya kiwanja ambacho robo tatu yake si yake, na hati ikifuata jina la kwenye orodha ya nyumba, binti amepotea. Baba akioa tena na kupata watoto wengine, watoto wa mke wa pili watarithi nyumba ya bibi ambaye si bibi yao. Haihitaji baba mwovu. Inatosha karani mwenye haraka na mstari mmoja wa kuandikia jina.

Shirika la ujenzi mpya, BRR, liliona tatizo hilo, likaagiza kwamba ardhi itakayonunuliwa kwa ajili ya waliohamishwa iandikwe kwa majina ya mume na mke pamoja. Agizo lilikuwa jema ila halikugusa viwanja vya asili, ambavyo ndivyo vingi. Kati ya hati zote za RALAS, zilizobeba jina la mwanamke, peke yake au pamoja na mumewe, hazikufika theluthi. Kwa nchi ambayo nyumba ni ya mke, kwangu hiyo ni hasara kubwa, na ni hasara iliyopigwa muhuri.

Hata hivyo sitaki kuipamba desturi. Baraza la wazee wa kijiji, tuha peut, kwa kawaida limejaa wanaume, na ndilo linalokaa na keuchik na imamu kuamua. Kanuni ya jimbo namba 9 ya mwaka 2008 imelipa gampong, yaani kijiji, mamlaka ya kusuluhisha kwanza aina 18 za migogoro, ukiwemo ugomvi wa mipaka na wa mirathi. Ni jambo zuri kwa mjane asiye na nauli ya kwenda mjini, lakini anakwenda mbele ya wanaume ambao huenda ni jamaa za mumewe. Tena kulikuwa na mazoea magumu ya kumnyima mjukuu: mzazi wako akifa kabla ya babu, huna fungu kwa babu, wajomba na ma-ami wanachukua chote. Baada ya tsunami hilo lingewaacha maelfu ya mayatima bila kitu. Aliyewafungulia mlango ni dola, kupitia mkusanyo wa sheria za Kiislamu wa mwaka 1991, unaomruhusu mjukuu kusimama mahali pa mzazi wake. Mahakama za sharia za Aceh zilitoka zikaenda vijijini kusikiliza maombi ya warithi na kuteua walezi. Anayeamini kwamba kila kitokacho Jakarta ni cha kumuumiza mnyonge na akumbuke hilo.

Kuna pia suala la mkopo, na hapa mizani inaelekea upande wa desturi zaidi ya wengi wanavyokiri. Mwanakijiji akiuguliwa au akitaka kwenda Hijja, huweka shamba la mpunga rehani kwa mtindo uitwao gala: anapokea dhahabu, inayopimwa kwa mayam, kila mayam ikiwa gramu tatu na kitu, na mkopeshaji analima shamba mpaka dhahabu irudi. Haina mwisho wa muda. Baadhi ya wanazuoni huilalamikia, kwa kuwa mkopeshaji anakula mavuno mwaka hadi mwaka na deni halipungui hata chembe, na kwa kweli ina harufu ya riba. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja yaliyofungwa na bei khiyari, yaani mauzo yenye haki ya kukomboa, yalitufundisha jinsi rehani inavyoweza kumgeuza mwenye shamba kuwa mwenye jina tu. Lakini shamba la gala halipigwi mnada. Mtoto wa mkopaji akipata kazi Malaysia, anarudi na dhahabu ile ile na shamba linarudi. Hati inamfungulia mwanakijiji mlango wa benki, na Aceh benki zote sasa hufuata sharia kwa kanuni ya mwaka 2018, ila dhamana ni dhamana: usipolipa, shamba linaweza kuuzwa kwa mtu ambaye hujawahi kumwona.

Barabara imelifanya jambo hili lote kuwa la haraka. Wakati wa vita vya GAM, waasi waliotaka Aceh ijitenge, na serikali, hasa chini ya utawala wa kijeshi wa mwaka 2003, Waaceh walipewa vitambulisho maalumu vyekundu na vyeupe, na kuvuka kizuizi bila hicho ulikuwa mkasa. Usiku hakuna aliyesafiri. Mkataba wa amani wa Helsinki wa 15 Agosti 2005 ulifungua njia, na leo magari madogo ya abiria aina ya L300 yanatoka Banda Aceh, yanapanda Saree chini ya mlima Seulawah, yanashuka Padang Tiji hadi Sigli, na kumshusha abiria kwenye kichochoro cha kijiji chake. Kisha ikaja barabara ya kulipia ya Sigli hadi Banda Aceh, kilomita 74 hivi, ikapita katikati ya mashamba ya watu. Fidia hufuata jina. Barua ya keuchik hukubaliwa kama ushahidi pale ambapo hati haipo, lakini ndugu wakivutana, fedha huwekwa mahakamani hadi wapatane, na wanaoishi kwa mpunga hawana uwezo wa kungoja.

Na barabara huleta mnunuzi. Kijijini mgeni anayelala hupaswa kuripoti kwa mkuu wa kijiji ndani ya saa 24, kibao kimesimama pale njia inapoingilia, na kwa ardhi kuna ulinzi wa namna hiyo hiyo: hak langgeh, haki ya jamaa na majirani kupewa nafasi ya kwanza kabla shamba halijauzwa nje. Raia wa kigeni haruhusiwi kabisa kumiliki ardhi kwa milki kamili. Lakini tajiri wa Medan, mji wa jimbo jirani, si mgeni kisheria. Mwenye hati mkononi anaweza kumuuzia bila kumwuliza jirani, na hak langgeh hubaki lawama za msikitini. Upande wa pili wa jimbo, kwenye kinamasi cha Tripa, vijiji visivyo na karatasi vilisimama mbele ya makampuni ya michikichi yenye vibali, na kila mtu anajua nani alianza na nguvu. Ndiyo maana siwezi kusema hati isiende.

Mwishoni mwa Novemba 2025 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 1,000 katika majimbo matatu ya Sumatra, Aceh ikiwemo. Madaraja yalikatika, na huko Pidie Jaya matope yalifunika nyumba na mashamba, mahali ambapo tetemeko la Desemba 2016 lilikuwa limekwisha kuua zaidi ya watu 100. Mipaka imefutika tena, nyumba za msaada zitajengwa tena, na safari hii hati zinatolewa kwa njia ya elektroniki, ambazo hazilowi lakini pia hazisahihishwi kwa urahisi na mama wa kijijini asiye na simu janja. Fomu zinajazwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya jina la mkuu wa kaya, iulizwe kiwanja kilitoka kwa nani na kwa njia gani, kwa hiba, kwa mirathi au kwa kununua, na mashahidi wa upande wa mke waitwe meunasah wakiwa bado hai na bado wanakumbuka.