Stadi wa sita

Fundi wa pancha alikaza nati za tairi la mbele kwa kusimama juu ya spana, huku moja imeingia upande. Ikala meno ya stadi, ile bolti inayofungwa nati ya tairi. Nikanunua stadi moja, elfu nne, nikaapa gereji hawanioni. Video nilishaangalia mara mbili.

Jumapili hiyo tulikuwa na ubarikio Marangu. Saa mbili asubuhi nipo uani kwangu, Rau, Moshi, ndani ya ovaroli. Mzee jirani ameegemea uzio wa masale na kikombe chake cha chai, tayari kwa sinema.

Nilianza vizuri, Mungu shahidi. Jiwe nyuma ya tairi, jeki, tairi chini, kalipa ya breki nikaining'iniza kwa waya isivute mpira wa breki, diski nje. Sasa stadi haifunguliwi. Ina vijino shingoni vilivyobana kwenye habu, kile kitovu kinachobeba tairi, lazima uigonge irudi nyuma. Na nyuma kuna bati, penye nafasi ya kuitoa ni mahali pamoja tu. Nikazungusha habu kupatafuta. Nikazungusha tena. Mzee akaniuliza bei ya mbolea, nikamjibu, nikazungusha kidogo.

Nikashusha nyundo. Kwa! Kwa! Kwa! Ikadondoka.

"Mwanangu," Mzee akasema taratibu, "ndiyo hiyo mbovu?"

Nikaiokota. Meno yote yapo, isipokuwa ncha, niliyoiponda mwenyewe ikawa kama uyoga. Mbovu imetulia kwenye habu, inanitazama.

Stadi mpya ikabidi izibe tundu la ile nzima. Wosha tatu zenye grisi, nati nikaigeuza, nikaivuta kwa spana hadi ikakaa. Safi kabisa! Nikahesabu: nzima nne, mbovu moja. Vilevile kama asubuhi, kasoro elfu nne.

Mama Neema akatoka na kitenge chake kipya. "Tayari?"

Kwetu Uchagani, ukimpelekea uliyemkosea jani la sale, hana budi kusamehe. Nikakata moja uzioni, nikalifunga fundo, nikampa kwa mikono miwili yenye grisi.

Akalipokea. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Nimekusamehe, Baba Neema. Tairi lina stadi tano, na wewe ndiye stadi wa sita. Ila wewe meno yameisha kabisa. Beba keki, twende tukapande Noah."

Mzee alicheka mpaka chai ikamwagikia masale.