Sherman Adams: tatizo koti au simu?

Watu wakimtaja Sherman Adams wanakumbuka koti tu, lile alilopewa na rafiki yake tajiri. Jamaa alikuwa gavana wa jimbo la New Hampshire, Marekani, akampigia debe Eisenhower wa chama cha Republican kwenye uchaguzi wa rais mwaka 1952, na walivyoshinda akapewa kazi ya kukaa mlangoni pa rais kule White House, miaka mitano na ushee karibu kila kitu cha bosi kilipita kwake kwanza, karatasi isipokuwa na "OK, S.A." inarudi ilikotoka. Washington kulikuwa na utani kwamba itakuwaje Adams akifa halafu Eisenhower awe rais!

Kwanza tumpe haki yake. Eisenhower alikuwa jenerali, amezoea mambo yachujwe ndiyo yamfikie, na alipopata shambulio la moyo Denver Septemba 1955 Adams alienda kukaa naye kulekule, makamu wa rais Nixon akabaki kuongoza vikao vya mawaziri, serikali haikuyumba. Ila alikuwa mkavu, mnaongea kwenye simu hata kwaheri hakuna, anakata tu. Na walioumia zaidi ni Republican wenzake waliokuja kuomba vyeo wakarudi mikono mitupu, hawa kumbukeni tutawarudia.

Ndo ikaja 1958. Kamati ndogo ya Bunge ikaibua kwamba Bernard Goldfine, tajiri wa viwanda vya nguo Boston na rafiki yake wa siku nyingi, alimlipia bili za hoteli, akampa koti la sufu ya vicuña (mnyama wa milima ya Andes, sufu yake bei haishikiki) na zulia ambalo Adams alisema ameazimwa tu. Huku Goldfine ana kesi na tume ya biashara ya serikali kuu kuhusu lebo za vitambaa vyake.

Wanaomtetea wanasema marafiki hupeana zawadi, na yeye alimpigia simu mkuu wa tume kuuliza tu kesi imefikia wapi. Sawa, koti mimi naweza kulisamehe. Simu siwezi. Mtu ambaye herufi zake mbili zinaamua karatasi ifike au isifike kwa rais, akimpigia mkuu wa tume kuulizia mambo ya rafiki yake, yule wa upande wa pili anasikia nini, swali au agizo? Tena hawa hawa Republican 1952 walizunguka nchi nzima wakiwasema watu wa Truman, rais wa Democratic aliyekuwepo, kwa makoti ya manyoya na mafriza ya kuhongwa, mkuki kwa nguruwe.

Lakini pia tusijidanganye kwamba aliondolewa kwa sababu ya maadili. Juni Eisenhower alisema hadharani kwamba anamhitaji. Septemba chama kikapigwa kwenye uchaguzi wa jimbo la Maine, wagombea wakaingiwa na hofu ya uchaguzi wa Bunge wa Novemba, na wale aliowanyima vyeo nani angemtetea? Eisenhower wala hakumwambia mwenyewe kwamba aondoke, akamtuma mwenyekiti wa chama, Meade Alcorn, wakati kazi ya kuwaambia watu waondoke miaka yote alikuwa anaifanya Adams. Tarehe 22 akajiuzulu, na Novemba Republican wakachapwa vilevile.

Mzee akarudi zake New Hampshire, 1966 akafungua sehemu ya kuteleza kwenye theluji, Loon Mountain, mpaka leo ipo.