Mashapo ya kahawa, na majani tunayoyachoma Mikindani

Mwaka juzi nilimharibia mama yangu tuta zima la mchicha nikiwa nimekaa Göteborg, Uswidi, maili elfu kadhaa kutoka kwetu Mikindani, Mtwara. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikimwambia achukue mashapo ya kahawa ayamwage juu ya tuta, kwani huku kila mwenye bustani anayasifu. Akayaomba kwa mzee anayeuza kahawa barazani, akayatandaza unene wa vidole viwili juu ya mbegu alizosia siku hiyo hiyo, akamwagilia. Wiki mbili baadaye alinipigia: "Mwanangu, hiki kitu chako kimekula mbegu."

Nilisikitika sana, kwa sababu mama analima kwenye mchanga wa pwani usiosamehe, na maji ananunua kwa ndoo. Tangu hapo nimejifunza mambo ambayo ilinipasa kuyajua kabla ya kufungua mdomo. Mashapo hayaishiwi kafeini yote. Hubaki kiasi cha kuzuia mbegu zisiote na kudumaza miche michanga. Tena ni chembe ndogo ndogo. Yakitandazwa nene yanagandamana, yakikauka yanakuwa gamba, na maji yanateleza pembeni badala ya kuzama. Halafu yakiwa mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha huazima naitrojeni ya udongo kwanza, mmea ukabaki na njaa. Mashapo yana naitrojeni ya kama asilimia 2, lakini haipatikani siku unayoyamwaga.

Huku makosa hayo hayaonekani upesi. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na Waswidi wanakunywa kahawa kweli kweli. Kila siku tunatoa karatasi za kuchujia zilizojaa mashapo ya moto. Tangu tarehe 1 Januari 2024 sheria inataka mabaki ya chakula yatengwe na taka nyingine, kwa hiyo ndoo ya mabaki iko pale pale kando ya sinki, na hakuna anayeshangaa nikiomba mashapo nipeleke kwenye kishamba ninachokodi. Nayachanganya kwenye biwi la majani, mvua za baridi zinayapiga, ardhi inaganda, inayeyuka, na mpaka nipande viazi yamekaa miezi na miezi. Baridi inachelewesha kila kitu. Kwetu joto na mvua za Desemba mpaka Aprili huozesha haraka sana, na mchanga hauzuii rutuba. Ukiweka leo, masika ikipita umeshapoteza. Ndiyo maana bustani ya Mikindani inahitaji kulishwa mara nyingi, kidogo kidogo, kuliko ya Göteborg.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Tunaorudi likizo tunapenda kuwafundisha wa nyumbani kitu tulichokiona huku, tukakibeba kama kilivyo. Mashapo ya kahawa si dawa. Kwetu hata hayapatikani kwa wingi, maana kahawa yenyewe inalimwa Mbinga na Kagera, sisi ni watu wa korosho na muhogo. Kinachofaa kubebwa ni ile ndoo ya kando ya sinki, yaani kutenga kabla ya kutupa.

Kwani kwetu kila alfajiri kina mama wanafagia uwanja, majani ya miembe na mikorosho yanarundikwa, kiberiti kinawashwa. Nimekua na moshi ule na naupenda kwa kumbukumbu zake, lakini tunachoma chakula cha udongo. Majani makavu ni nusu ya mboji. Nusu ya pili ni vitu vibichi vyenye naitrojeni: samadi ya mbuzi, maganda ya muhogo na ndizi, machicha ya nazi (panya wanayapenda, uyafukie katikati), na hayo mashapo kidogo. Kidogo nikimaanisha yasizidi sehemu moja kati ya tano ya biwi lote. Ukilinyunyizia maji likawa na unyevu wa nguo iliyokamuliwa, ukaligeuza kila baada ya wiki mbili, halinuki. Ukungu mweupe ukiuona usiogope, ni kazi inaendelea.

Wapo watakaosema kahawa ina asidi, na ardhi yetu imeshachoshwa na salfa tunayoipulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Hofu ya salfa ni ya kweli, miaka ya kuipuliza huongeza asidi kwenye udongo. Lakini asidi ya kahawa sehemu kubwa inaondoka na maji tunayokunywa. Mashapo yanayobaki mara nyingi hayana asidi kali, yako karibu na katikati ya asidi na magadi. Kwa udongo wenye asidi, majivu ya jikoni yatasaidia, nyunyiza tu.

Likizo iliyopita nilikwenda barazani mwenyewe. Nilimwamkia mzee, nikanywa vikombe viwili na kashata, nikamweleza. Dele lake likiisha alikuwa anamwaga mashapo mtaroni, kila jioni, miaka yote. Hapa ndipo nyumbani kunapoipita Ulaya: huku kila nyumba ina mashine yake na mashapo yake machache, kwetu mtaa mzima unakunywa kwenye dele moja, kwa hiyo mashapo yote yako kwa mtu mmoja unayemjua kwa jina la baba yake. Nilimwachia ndoo yenye mfuniko. Ndugu yangu mdogo anaipitia kila Ijumaa baada ya swala.

Mama hasii tena juu ya mashapo. Anasia kwenye mchanga mtupu, miche ikifikia urefu wa kiganja anaizungushia mboji iliyoiva, mbali kidogo na shina. Juzi amenitumia picha ya bamia. Nyuma yake kuna biwi la majani ya mwembe limefunikwa kwa makuti, halina moshi.